Si Pua Yako, Biharusi: Ni Kamera Iliyokukaribia Mno



Sisi tunaoshona nguo za maharusi tunasikia kilio kimoja kila msimu. Biharusi katoka mzuri, mashaallah, hina imekolea, shela limekaa. Akiletewa picha anauliza, "Mbona pua yangu kubwa hivi?" Wengine hawataki hata mama zao wazione. Wengine huzipitisha kwenye filta mpaka uso unakuwa wa mtu mwingine. Inatuuma, kwa sababu uso ule Mola kauumba vizuri na hauna kosa.

Kosa ni masafa. Kamera ikikaribia sana, kilicho mbele, yaani pua, hukua, na masikio hurudi nyuma. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walionyesha katika jarida la JAMA Facial Plastic Surgery kwamba picha ya kujipiga kutoka kama sentimita 30 huifanya pua ionekane pana kwa karibu asilimia 30 kuliko picha ya kutoka mita 1.5.

Hapo ndipo lenzi inapoingia. Kila lenzi ina namba yake ya milimita. Namba ndogo, kama 24, huchukua eneo pana, kwa hiyo uso ukitakiwa ujae picha, mpiga picha lazima akusogelee puani. Lenzi kuu ya simu nyingi iko karibu na hapo. Namba kubwa, kama 85, huvuta: anasimama mita 2 mbali, na kichwa na mabega vinajaa picha vikiwa na vipimo vyake. Kamera nyingi za bei nafuu zina kihisi kidogo ndani; kwa hizo lenzi ya 50 hufanya kazi kama ya 75 au 80, na bei yake ni ndogo.

Tena kuna heshima ndani yake. Mpiga picha, hata akiwa mwanamke mwenzetu, akisimama mbali kidogo biharusi anapumua na uso unalegea.

Nyumba za Mji Mkongwe zina vyumba vyembamba, kwani upana wake ulifuata urefu wa boriti, takriban mita 3. Basi biharusi akae mwisho wa chumba na picha zipigwe kwa urefu wake. Akiwa na simu tu, mpigaji arudi nyuma hatua mbili na abonyeze 2x.

Picha ya biharusi na ndugu zake wote inataka lenzi ya 35. Hapo biharusi akae katikati, maana walio pembeni hutanuka. Gauni zima lipigwe kamera ikiwa usawa wa kiuno. Ikishikwa juu, miguu inafupika na mshono wote unapotea.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa advansi, tumwulize mpiga picha mambo matatu: picha za uso anapigia lenzi gani, atasimama umbali gani, na picha zetu atazihifadhi wapi ili zisitoke nje ya familia. Anayejua kazi atajibu bila kununa.

Na wewe uliyekwisha kuolewa ukaificha albamu yako kabatini, itoe. Huyo aliyemo si wewe kamili. Mumeo na mama yako wanakuona kwa macho yao.

Allah awajaalie maharusi wetu ndoa zenye kheri na mapenzi. Amin.