Motokaa ya Asili na Motokaa Halisi

Katika wilaya zetu za Tarime na Serengeti motokaa haifi upesi. Injini ikichoka hutiwa nyingine, springi ikivunjika huchomelewa, na mlango ukiharibika fundi hutengeneza mwingine kwa bati. Ndiyo maana Land Rover za miaka ya 1960 na 1970 bado zaonekana hapa na pale, moja ikipanda milima ya Tarime na mizigo, nyingine imelala chini ya mwembe huko Mugumu. Siku hizi wako watu wanaozitafuta ili wazitengeneze na kuziuza kwa bei kubwa kwa sababu ya ukale wake. Swali lao la kwanza ni hili: "Je, ni ya asili?" Nami naona kwamba ndani ya swali hilo mna maswali mawili, nayo yafaa kutenganishwa.

Motokaa ya asili ni ile yenye vyombo vyote ilivyotoka navyo kiwandani. Motokaa halisi ni ile iliyo yenyewe kweli, si nyingine iliyovikwa jina lake. Anayetaka ya asili tupu atapata taabu. Land Rover ilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948. Bodi yake ni ya aluminiamu, isiyopata kutu kama chuma, lakini chesisi ni ya chuma. Basi tazameni ajabu hii: chesisi, ambayo hugongwa namba ya motokaa, ndiyo huoza upesi kuliko bodi. Huko Uingereza chumvi humwagwa barabarani wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu, nayo hula chesisi sana. Kwa miaka mingi serikali ya huko ilihesabu pointi: motokaa iliyojengwa upya ilihitaji pointi 8 ili ibaki na namba yake ya zamani. Chesisi ilipewa pointi 5, hata kama ni mpya ya aina ile ile, na injini pointi 1 tu.

Jambo hili lilifika hata mahakamani. Iko Bentley moja iitwayo "Old Number One", iliyoshinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa, mwaka 1929 na 1930. Baadaye ilibadilishwa mara nyingi, hata vyombo vya siku zile vikabaki vichache sana. Ilipouzwa kwa thamani ya karibu paundi milioni 10, mnunuzi alikataa kuichukua, akidai kuwa siyo ile. Mwaka 1990 Jaji Otton wa Mahakama Kuu mjini London aliamua kwamba haiwezi kuitwa ya asili, lakini ni halisi, kwa kuwa maisha yake hayakukatika. Haikuvunjwa ikapotea, kisha ikaundwa nyingine mahali pake.

Sisi wa Mara hatuhitaji jaji kutufundisha hayo. Wakira na Wairege wa leo si wale wa miaka 150 iliyopita, hata mtu mmoja, lakini koo ni zile zile, kwa sababu kila kizazi kilipokea kutoka kwa kilichotangulia. Kadhalika twajua kinyume chake. Mtu akiiba ng'ombe akambadilisha chapa, chapa ile haimfanyi ng'ombe kuwa wake. Vivyo hivyo, fundi akikata kipande cha chesisi chenye namba na kukichomelea katika motokaa nyingine, amefanya wizi, hata kama kazi yake ni safi kama kioo.

Jirani yetu mmoja, mzee wa makamo, alikuwa akiuza Land Rover yake ili alipe ada ya chuo ya binti yake. Injini ilikuwa ya Isuzu, na giaboksi ilitoka katika Land Rover nyingine. Dalali alimshauri anyamaze. Mnunuzi kijana alipofika kutoka Arusha alisema, "Shikamoo mzee. Nimeambiwa kila kitu ni cha asili." Mzee akajibu, "Marahaba, mwanangu. Umedanganywa." Akatoa daftari lake, akamsomea kila chombo kilichobadilishwa, mwaka na sababu. Bei ikashuka pale pale, na dalali akaondoka kwa hasira. Fedha aliyopata haikutosha ada; ilimbidi kuuza na ng'ombe wawili.

Wengine walimcheka. Mimi sikubaliani nao. Ni kweli alipoteza fedha, nami sitasema kwamba hasara ile ilikuwa ndogo. Lakini alichouza kilikuwa kitu halisi, na daftari lile lilikwenda pamoja na motokaa. Mwenye kuinunua baadaye atajua injini ile iliingia lini na kwa nini. Kama mzee angalinyamaza, hapo ndipo maisha ya motokaa ile yangalikatika, ijapokuwa hakuna skrubu iliyoguswa.

Kwa hiyo naona haifai kuiaibikia kazi ya mafundi wetu. Kiraka kilichochomelewa Tarime ni sehemu ya historia ya motokaa, sawa na namba iliyogongwa kiwandani. Atakaye kukiondoa na kurudisha chombo cha kiwandani ana ruhusa, mradi aandike alichofanya na amwambie mnunuzi. Kosa si kubadilisha. Kosa ni kuficha.

Ndugu zangu wanafunzi, wengi wetu tutakuwa mafundi, wafanya biashara au madereva. Tujizoeze kuandika daftari la kila chombo tunachokitengeneza, iwe ni baiskeli au mashine ya kusaga. Wahenga walisema, njia ya mwongo ni fupi. Motokaa njema yahitaji njia ndefu.