Wageni wa Al Wathba

Barabara ya kutoka Abu Dhabi kwenda Al Wathba hupita viwanda, karakana za malori, kisha mchanga mtupu. Ni kama kilometa 40, na huoni dalili ya maji mpaka umefika. Ilikuwa asubuhi ya Novemba, jua halijakaza. Mwenyeji wangu, mzee wa Maskati aliyezaliwa Unguja, alinivalisha darubini yake shingoni tukaifuata njia ya miguu.

Ziwa lile ni kazi ya watu. Maji taka ya mji yaliyosafishwa yalimwagwa kwenye bonde la ardhi ya chumvi, yakatuama. Jua likiyakausha chumvi huzidi, na chumvi ile inayowashinda viumbe wengi ndiyo inayowafaa artemia, vikamba vidogo mno vilivyojaa majini. Hao ndio chakula cha heroe. Nao walikuwapo kwa mamia, vichwa vimeinamishwa juu chini, wakichuja maji kwa midomo. Rangi yao ya waridi hutokana na chakula hicho hicho. Mwaka 1998 walitotoa vifaranga hapa, na mwaka huo huo Sheikh Zayed, aliyekuwa mtawala wa Abu Dhabi, akaamuru mahali hapa pahifadhiwe.

Sikuchoka kuwatazama. Lakini mzee alinigusa bega: “Mwanangu, usiwatazame wakubwa tu. Hebu angalia pale ukingoni.”

Ukingoni kulikuwa na kundi la chamchanga wadogo, mdomo umepinda kidogo kwa chini, wakidonoa tope bila kupumzika. Moyo ulinipasuka kwa furaha, maana nawajua tangu utoto. Ndio wanaokimbia kwetu pwani ya Kenya, topeni Mida na kwenye mlango wa mto Sabaki maji yakipwa. Ndege huyu ana uzito wa gramu 60 hivi. Huzaliana kaskazini kabisa mwa Siberia, na baridi ikikaribia hushuka kusini, wengi wao hadi Afrika. Hawezi kuimaliza safari hiyo kwa njaa: hutua penye tope na maji, hula mpaka anenepe, na mafuta hayo ndiyo akiba yake ya kuruka tena. Kituo kimoja kikikauka au kikichafuliwa, hakuna wema wa vituo vingine utakaomfidia.

Kwa hiyo nawasifu waliolilinda ziwa hili la maji yaliyokwisha kutumika. Mwaka 2013 liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Sisi wa pwani tumepewa mito na mikoko bila kuchimba wala kumwaga chochote. Wewe uliye Malindi, Mambrui au Watamu, nenda ukawaone wageni hawa kati ya Septemba na Aprili, uwapeleke na watoto, na ukimwona mtu anatupa taka kwenye mlango wa Sabaki, usinyamaze.