Herufi za Mviringo

Herufi nazo zina sura, na kama ilivyo kwa binadamu, sura husema kabla ya maneno. Ipo aina moja ya herufi niliyoipenda kwa miaka mingi. Haina vijimkia, mistari yake ina unene mmoja, tumbo lake ni duara, na kila ncha imeviringwa mithili ya ncha ya kidole. Haina pembe ya kumchoma mtu.

Sehemu ya historia yake iko Ujerumani. Mwaka 1927 Paul Renner alitoa herufi ziitwazo Futura, zilizojengwa juu ya duara, pembetatu na mraba. Ila ncha zake zilikuwa kali. Mwaka 1979 kampuni ya Volkswagen ikapata herufi zake yenyewe, VAG Rounded, zenye ncha za mviringo, zikawekwa kwenye mabango ya wauzaji wa magari yake na ya Audi. Baadaye kampuni ya Apple ikazichapa kwenye vibonye vya kompyuta zake, zikakaa hapo hadi miaka ya 2010. Sababu si ngumu kuiona: chombo kigeni kikiandikwa kwa herufi laini, mtu hukisogelea bila hofu.

Lakini ulaini una gharama yake. Katika herufi nyingi za duara, tangu hiyo Futura, a ndogo ni duara lenye kijiti kando, na o ni duara tupu. Kwenye bango hakuna taabu. Zikiwa ndogo, na wino ukatapakaa kidogo, kijiti humezwa na duara. Kiswahili hakivumilii jambo hilo, kwani karibu kila silabi yetu huishia kwa irabu, na irabu moja hugeuza neno. Ana si ona. Aga si oga.

Mama yangu alijifunza kusoma ukubwani, katika madarasa ya elimu ya watu wazima, naye hufuata silabi kwa kidole. Siku moja dukani alichukua kipakiti chenye maandishi madogo ya mviringo, ya kupendeza. Akasoma polepole: "Dawa ya po-nya." Muuzaji akamwambia, "Panya, mama." Watu wakacheka, naye akacheka. Mimi sikucheka. Niliwaza siku ambayo muuzaji hatakuwapo. Tena mama hakukosea. Alisoma kile alichoonyeshwa.

Siwanyimi wachora herufi mviringo wao. Na ukae juu ya mlango wa duka, na juu ya jalada la kitabu cha watoto. Lakini kipimo cha dawa, onyo la sumu na jina la mgombea kwenye karatasi ya kura viandikwe kwa herufi ambayo a ina kipaa chake juu, isifanane na o. Herufi yenye huruma ni ile inayomfikisha mzee kwenye neno lililokusudiwa.