Kwenda Yombo na Mdogo Wangu

Mdogo wangu ana usonji. Alimaliza darasa la saba katika kitengo cha elimu maalumu hapa Morogoro, na tangu hapo akawa anakaa na mama gengeni. Nyanya anazipanga kwa ukubwa, vitunguu kwa rangi, wala hakosei. Fundi samani mmoja wa mtaani alimchukua kwa majaribio, kisha akamrudisha akidai hasikii anachoambiwa. Anasikia vizuri sana. Kinachomshinda ni maagizo matatu kwa mpigo, tena kwa ukali. Ndipo afisa ustawi wa jamii akatushauri twende Dar es Salaam, kwenye chuo cha ufundi stadi cha watu wenye ulemavu kilichopo Yombo, tukaulizie nafasi.

Alikuwa hajawahi kutoka Morogoro, na jambo la ghafla humvuruga. Usiku wa kuamkia safari nilimwandikia kila hatua kwenye karatasi: bajaji hadi Kihonda, ukaguzi wa mizigo, treni ya SGR, halafu vituo kwa mpangilio wake: Ngerengere, Ruvu, Soga, Pugu, Dar es Salaam. Mbele ya kila hatua nikachora kisanduku cha kuweka alama ya vema.

Stesheni mashine ya ukaguzi ilipolia, aliziba masikio akagoma kusogea. Nikamwambia mlinzi, "Kaka, ana usonji, naomba umwelekeze taratibu." Yule kijana akashusha sauti, akamwonyesha kwa kidole mahali pa kuweka begi. Mdogo wangu akaliweka, akapita, akalichukua, akatoa kalamu na kuweka vema. Ndani ya treni alitulia dirishani, na kila kituo alikitia alama kabla tangazo halijaisha.

Dar makelele ya makonda yangemzidi, hivyo tukaachana na daladala tukakodi bajaji.

Chuoni tulipokewa na mama mmoja aliyesoma barua ya serikali ya mtaa na ripoti ya daktari, kisha akamgeukia mdogo wangu mwenyewe: "Mwanangu, unapenda kazi gani?" Kimya. Nilitaka kujibu, akanizuia kwa mkono. Tukasubiri. Mwishowe akasema, "Kupima."

Tukapelekwa karakana ya useremala. Mwalimu alizima mashine ya kuranda, akampa futi, penseli na vipande vya mbao, akapima kimoja mbele yake bila kusema neno. Mdogo wangu akavipima vyote, akaandika urefu juu ya kila kimoja, akavipanga kuanzia kifupi. Mwalimu akavirudia na futi yake kimoja kimoja. "Huyu anafundishika," akasema, na akapendekeza apewe nafasi ya majaribio muhula unaofuata.

Kabla hatujaondoka nilimuuliza mwalimu tumsaidieje nyumbani, na siku akipata kazi tumwambie nini mwajiri. Akanitajia: mwonyesheni kabla ya kumweleza, agizo moja, likiisha ndipo lifuate jingine, mchoreeni hatua za kazi, mabadiliko mwambieni mapema, mpeni kona iliyo mbali na mashine. Hakuna hata moja linalohitaji bajeti.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia 20 ahakikishe asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 2 kati ya hizo ni ya watu wenye ulemavu. Usonji hauonekani kwa macho, lakini mwenye nao ana haki hizohizo.

Wazazi na walezi wenzangu, kijana akishavuka umri wa shule msimfungie ndani. Mwandikisheni serikali ya mtaa, mwoneni afisa ustawi wa jamii, ulizieni vyuo. Na waajiri, kabla hamjamrudisha nyumbani, mwonyesheni kazi mara moja, polepole, kisha mpeni nafasi aifanye.