Mashua Juu ya Nchi Kavu: Safari ya Kupitia Kalamba

Sisi watu wa pwani tumezoea kukiona chombo mahali pake: ama majini kikielea, ama mchangani kimelala ubavu kikisubiri maji yajae. Kukiona kikipanda mlima juu ya magurudumu, kati ya miembe na mashamba ya mbaazi, ni jambo la kumsimamisha mpita njia. Ndivyo walivyosimama watu wa Kalamba mwezi wa Januari, tulipoingia sokoni kwao na mashua ya futi 18 ikivutwa nyuma ya pikapu.

Kalamba ni soko la Kaunti ya Makueni, katika nchi ya Wakamba, upande wa mlima Nzaui. Mtu atokaye Mombasa huiacha barabara kuu mjini Emali, baada ya mwendo wa kilomita takriban 360, akashika njia ya kuelekea Wote. Ardhi ni nyekundu, na mito mingi ni ya mchanga mtupu isipokuwa wakati wa mvua. Ukavu huo usimdanganye mgeni. Miembe imejaa kila boma, na hapo Kalamba ndipo serikali ya kaunti ilipojenga kiwanda cha kusindika maembe, ili mkulima asilazimike kumuuzia dalali kwa bei ya kutupa.

Mashua tuliyoisindikiza haikuwa yetu. Ilikuwa ya mjane mmoja wa Kilifi, shemeji yangu, aliyeachiwa na marehemu mumewe chombo hicho cha faiba pamoja na watoto wanne wa shule. Mnunuzi alipatikana mbali, kwenye bwawa la Masinga, lile bwawa kubwa la Mto Tana lililokamilika mwaka 1981, ambako watu huvua samaki wa maji baridi. Mapatano yalikuwa haya: nusu ya bei italipwa kabla, na nusu ya pili italipwa chombo kikifika na ngozi yake ni nzima. Kwa hiyo kila mkwaruzo wa njiani ungekatwa katika karo ya mayatima. Nami niliombwa niandamane na amana hiyo hadi mwisho wake.

Wasiojua watauliza: mkwaruzo una nini, ikiwa mashua haikutoboka? Chombo cha faiba kina tabaka la nje, jembamba na lenye kung'aa, linaloitwa jelikoti. Si pambo tu. Ndilo linalozuia maji na jua kuufikia mwili wa ndani. Likimeguka, maji huanza kupenya polepole, na baada ya muda huinua malengelenge ambayo kuyatibu ni kazi ya fundi na fedha nyingi. Wazee wetu waliijua hekima hii kabla ya faiba kuzaliwa. Ndiyo maana chombo cha mbao hupakwa sifa, yale mafuta ya papa, na chini yake hupakwa deheni.

Matayarisho yalifanywa Kilifi, siku moja kabla ya safari. Kwanza mashua ilioshwa kwa maji matamu, juu na chini, mpaka isibaki chembe ya chumvi wala mchanga, kwa kuwa mchanga ulionaswa chini ya kamba au kitambaa hufanya kazi ya msasa. Ilipokauka ikapakwa nta na kusuguliwa kwa kitambaa laini. Kisha likatazamwa trela lenyewe. Mbao zinazokibeba chombo zilivikwa zulia jipya, kwa sababu la zamani lilikuwa limejaa mchanga na misumari yake imeanza kuchungulia. Mkuku ukakaa sawasawa juu ya magurudumu yake ya mpira, ili uzito usiegemee upande mmoja.

Mikanda ya kufungia ilikuwa minne. Kila palipogusana mkanda na ubavu wa mashua, shemeji aliweka kitambaa kinene alichokishona mwenyewe kutokana na blanketi kuukuu, akakifunga kisiteleze. Dereva alitaka kuikaza mikanda kwa nguvu zake zote. Fundi akamzuia, akamwambia, "Kaza mpaka chombo na trela viwe kitu kimoja, kisha simama. Ukizidisha, ubavu utapinda na jelikoti itapasuka kama ganda la yai." Mbele kukafungwa mnyororo wa akiba, mkanda ukikatika usilete msiba.

Juu ya turubai palizuka ubishi. Wengi hudhani kufunika ndiyo hifadhi. Lakini turubai lililolegea ni adui, kwa kuwa upepo wa barabarani hulipigapiga, na vumbi lililoingia chini yake hukwangua rangi safari nzima. Ama lifungwe likabane pande zote, ama liachwe nyumbani. Sisi tulifunika sehemu ya juu tu, kitambaa kikiwa kimebana, na ubavu tukauacha wazi. Nyuma ya magurudumu ya pikapu tukaning'iniza mipira mipana ya kuzuia mawe, kwani mawe yanayokipiga chombo kifuani aghalabu hurushwa na gari lile lile linalokivuta.

Tulisimama baada ya kilomita chache za mwanzo, kisha Voi, Mtito Andei na Emali. Mikanda hulegea mashua inapojikalia vizuri, na mzigo uliolegea hucheza, na mzigo unaocheza hujisugua. Kila tuliposhuka kuswali, mmoja wetu alizunguka trela kabla ya kurudi garini: anagusa mikanda, anatazama taa, anasogeza kiganja karibu na kitovu cha kila gurudumu kuona kama limepata joto la kupita kiasi. Hayo hayakuzidi dakika kumi. Malori ya masafa tuliyaacha yapite, tukakaa mbali nayo, maana jiwe linalorushwa na tairi la lori halichagui pa kutua.

Dereva wetu ni mwana wa Kalamba, na hakukubali kupita karibu na kwao bila kumwona mamake. Njia ya kuingilia bomani ni ya vumbi na kokoto, nasi tukaifuata kwa mwendo wa mtu atembeaye kwa miguu. Bibi huyo alitupokea kwa muthokoi na maharage, akatutandikia mikeka chini ya mwembe. Kisha akaja kuitazama mashua, kitu ambacho hajapata kukigusa maishani mwake. Alipitisha vidole juu ya vile vitambaa vya blanketi, akatabasamu. "Sheikh," akaniambia, "huyu mama aliyeshona hivi anajua maembe."

Nikamwomba anifafanulie. Akasema kuwa embe linaloanguka huonekana, mtu huliweka kando. Linalomtia mkulima hasara ni lile lililofungwa vizuri machoni, kumbe ndani ya kreti linasuguana na mwenzake njia nzima hadi Nairobi, likafika na doa jeusi. Kwa hiyo yeye hutandika nyasi kavu chini na kati, hajazi kupita kiasi wala haachi nafasi ya kucheza. Hapo nikaona kwamba somo la fundi wa Kilifi na la mkulima wa Kalamba ni moja. Pigo kubwa kila mtu hujihadhari nalo. Uharibifu mwingi hutoka katika msuguano mdogo usiokoma.

Jirani mmoja mzee aliuliza kama imepata kutokea mashua kupita Ukambani. Nikamjibu kwamba imetokea, na zamani. Meli ya mvuke iitwayo William Mackinnon ililetwa Mombasa kutoka Uingereza ikiwa vipande vipande, vikapelekwa bara kabla ya reli kufika ziwani. Iliunganishwa Kisumu na kushushwa majini mwaka 1900. Na mwaka 2021 jahazi la Flipflopi, lililoundwa Lamu kwa plastiki iliyotupwa, lilisafirishwa kwa barabara likaenda kutembea Ziwa Viktoria.

Kwa wenye vyombo vya mbao niongeze neno. Adui wao mkubwa njiani ni upepo mkavu na jua, vinavyozikausha mbao na kuufungua mwanya kati yake. Chombo cha namna hiyo kifunikwe magunia yenye unyevu, kalafati yake ikaguliwe kifikapo, na kiachwe majini mbao zivimbe kabla ya kupakiwa mzigo.

Asubuhi tuliiosha mashua kwa ndoo mbili tu, maana maji ya Kalamba hayachezewi. Tukakuta kidoa kimoja cha jiwe chini ya kifua, kisichofika ndani. Tukapitia Wote na Machakos, na jioni tukafika Masinga. Mnunuzi alivua viatu, akazunguka chombo akikipapasa kwa kiganja toka omo hadi tezi. Tulimwonyesha kile kidoa sisi wenyewe kabla hajakigundua, na tukamwomba akizibe kabla ya kukishusha majini. Akacheka, akasema nimeletewa chombo na ushahidi wake. Akalipa nusu iliyobaki papo hapo, bila kupunguza hata shilingi.

Shemeji alipopigiwa simu hakuuliza kwanza habari za fedha. Aliuliza kama vitambaa vyake vilishika. Vilishika, alhamdulillahi, na viwili kati yake vimebaki Kalamba, vikitandikwa chini ya maembe.