Amana ya Jirani



Wasomaji wapenzi, nililelewa Mombasa katika nyumba ambamo nyoka akionekana uani, kwanza hutafutwa gongo, maswali hufuata baadaye. Wahenga walisema aumwaye na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi sijapata kuumwa, lakini nilikuwa nikishtuka kwa ung'ongo, kwa kamba, na hata kwa mshipi wa mume wangu ulioanguka sakafuni. Mola ana hekima Yake, kwani Septemba ya mwaka jana nilijikuta Machakos, nimeinama juu ya beseni, nikimhudumia mtoto wa nyoka.

Tulihamia Machakos kwa ajili ya kazi ya mume wangu. Mji huo uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na wakati wa kiangazi hewa yake ni kavu mno kwa mtu aliyezoea jasho la pwani. Midomo yetu ilipasuka, visigino vikafanya nyufa. Lakini aliyeumia zaidi ni mwanangu wa miaka kumi na miwili. Shuleni walimcheka kwa lafudhi yake, naye akaacha kuzungumza. Akirudi hutoa salamu, hula, huswali, kisha hujifungia chumbani. Nami kila jioni nilimwandama: "Una nini? Mbona husemi? Nani kakuudhi?" Kadiri nilivyomvuta, ndivyo alivyozidi kujikunja.

Mahali pamoja tu alikokwenda kwa hiari yake palikuwa kwa jirani yetu, mwalimu mstaafu wa Kikamba. Mwalimu hufuga nyoka watatu wasio na sumu, kwa kibali cha Shirika la Huduma za Wanyamapori la Kenya, kwa kuwa sheria ya mwaka 2013 hairuhusu mtu kuweka mnyamapori nyumbani bila kibali. Alipolazwa Nairobi kufanyiwa upasuaji, na mkewe akaenda kumwuguza, alituachia ufunguo. Kazi yetu ilikuwa kubadilisha maji kila jioni.

Nilisita. Dini yetu imeruhusu kumwua nyoka mwenye kudhuru, hata mtu akiwa ndani ya Swala, na wanavyuoni wengi hawakupendezwa na kumfuga. Nikamweleza mume wangu shaka yangu. Akanijibu: "Sisi hatufugi. Jirani mgonjwa ametuachia amana. Na kiumbe aliyefungiwa hawezi kujitafutia maji." Hapo nikamkumbuka yule mwanamke ambaye Mtume (S.A.W.) ametusimulia habari zake, aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Nikanyamaza, nikachukua ufunguo.

Mdogo kati ya wale watatu alikuwa nyoka wa nyumbani, wa rangi ya kahawia, mwembamba kama kalamu, mwenye mistari miwili hafifu kila upande wa kichwa. Jamii yake hula panya na mijusi. Siku chache baadaye mwanangu aliniita: "Mama, amekuwa kipofu!" Macho yake yalikuwa meupe, kama yaliyotiwa maziwa. Tukampigia Mwalimu simu. Akatueleza kwamba nyoka hana kope. Jicho lake limefunikwa kwa gamba jembamba linalopenya mwanga, nalo hubambuka pamoja na ngozi nyingine yote. Anapokaribia kujivua, majimaji hukusanyika kati ya ngozi ya zamani na ile mpya, na macho yakafifia. Kisha hung'aa tena, na baada ya siku chache ngozi hutoka nzima kuanzia puani, imepinduliwa kama soksi.

Macho yalinawiri kweli, lakini ngozi haikutoka nzima. Kiangazi na taa ya kumpashia joto vilikuwa vimekausha hewa ya sanduku lake. Tulimkuta na vipande vilivyonata mgongoni, pete tatu za ngozi kavu zimeubana mkia, na gamba la jicho la kushoto limebaki palepale. Nami, kwa pupa ileile niliyoizoea, nilikishika kipande kimoja kwa ncha za vidole nikakivuta. Kikatoka, na chini yake nikaona wekundu. Nyoka akajikunja. Mwanangu akanitazama, asiseme neno.

Mwalimu hakunilaumu. Alisema tu: "Mama, usivute. Hapo ngozi ya juu haikuwa tayari, nawe umechukua na ya chini. Mpe maji, mpe na muda. Na jicho msiliguse kabisa, mtalipofua."

Basi tukafuata maagizo. Tulitia maji ya vuguvugu ndani ya beseni lenye mfuniko uliotobolewa, kina chake kisichozidi unene wa nyoka mwenyewe, ili asilazimike kuogelea. Alikaa humo nusu saa, nasi tukikaa naye bila kumwacha hata dakika moja. Kisha mwanangu alimweka ndani ya taulo lililolowa, akamwacha apenye mwenyewe kati ya mikunjo, kitambaa kikimsugua taratibu. Usiku tulimwachia kijisanduku chenye vitambaa vibichi ajifiche humo. Jioni ya kwanza hakikutoka kitu. Jioni ya pili vipande vya mgongoni vilibaki kwenye taulo. Pete za mkiani ndizo zilizonitia hofu, kwani Mwalimu alisema zikikaa sana huzuia damu, na ncha ya mkia ikafa.

Jioni ya tatu, tukiwa tumeinamia beseni, mwanangu alisema bila kuniangalia: "Mama, kila nikijibu swali darasani, wao huyarudia maneno yangu kwa sauti ya kuimba." Ulimi wangu ulikuwa na maneno kumi: nitakwenda kwa mwalimu mkuu, wewe nawe ungewajibu, kwa nini hukuniambia mapema. Nikaukumbuka ule wekundu. Nikanyamaza, nikaongeza maji ya vuguvugu. Baada ya kitambo akaendelea, naye alisema mengi. Siku hiyo pete mbili za mkiani zilitoka. Ya tatu ilitoka kesho yake.

Jicho la kushoto tuliliacha kama tulivyoagizwa. Mwalimu alirudi nyumbani, alhamdulillah, na nyoka mdogo hujivua mara nyingi kwa kuwa hukua haraka. Wiki chache baadaye alijivua tena, safari hii ngozi nzima. Mwalimu alimwita mwanangu, wakaikagua pamoja kwenye mwanga wa dirisha: sehemu ya macho yote mawili ilikuwa imo, na ya kushoto ilikuwa nene kuliko ya kulia. Gamba la zamani lilikuwa limetoka pamoja na jipya.

Dada zangu, msinielewe vibaya. Simwambii mtu afuge nyoka, wala mtoto asithubutu kumshika nyoka wa porini, kwani Ukambani na pwani yetu kuna vifutu na swila. Akiingia nyumbani, watoeni watoto na muwaite watu wa wanyamapori. Akimuuma mtu, mkimbizeni hospitali bila kumchanja wala kumnyonya jeraha. Na mimi mpaka leo ung'ongo hunishtua.

Mwanangu bado si msemaji sana. Lakini jioni zingine, ninapoosha vyombo, huja akasimama kando yangu na kitambaa cha kukaushia. Simwulizi kitu. Namwachia nafasi kwenye karo, na akiwa na neno hulitoa mwenyewe.

Mwenyezi Mungu atuwezeshe kuzitunza amana zetu, zile tulizoachiwa na majirani na zile tulizozizaa. Amin.