Kompyuta yasema shwari, mtumbwi warudi na maji

Kuna kijana mmoja wa Simbo, yuko chuo, likizo iliyopita alijipa cheo ambacho hakuna aliyemtuma: mtabiri wa upepo. Kila jioni anaweka status WhatsApp, leo ziwa shwari, leo laleni nyumbani. Baba yake mdogo anavua dagaa kwa taa pale Ujiji, na alikuwa anamwamini kuliko redio.

Kazi yote ilifanywa na programu ya Fortran. Ndiyo, ile lugha ya IBM ya mwaka 1957, na usicheke, maana programu kubwa za hali ya hewa kama WRF bado zinaitumia na zinalishwa namba kwa njia ileile, nemlisti. Ni faili la maandishi tu: jina la safu, alama ya sawasawa, namba zake, mwisho mkwaju.

Namba alitumiwa na rafiki yake wa Kalemie, ng'ambo Kongo. Upepo wa jioni sita, mita kwa sekunde. Akakopi, akabandika:

&ziwa
n = 6
upepo = 3,5 4,2 5,1 4,8 6,4 8,2
/

Programu haikulalamika. Ikajibu upepo unapungua. Status ikaenda. Usiku ule mtumbwi wa baba mdogo ulirudi nusu umejaa maji, taa mbili na wavu vimebaki ziwani. Mzee hakufoka. Aliuliza tu, "Mwanangu, hiyo kompyuta yako imewahi kulowa?"

Kijana siku hiyo hakula. Akapekua hesabu zote, hakuna kosa. Usiku wa manane ndiyo akaongeza mstari mmoja, write(*, nml=ziwa), unaoiambia programu irudishe ilichosoma. Ikarudisha 3, 5, 4, 2, 5, 1...

Kumbe! Kongo desimali wanaiandika kwa mkato, kama Wafaransa. Kwa Fortran mkato unatenganisha namba, kwa hiyo 3,5 si tatu na nusu, ni tatu halafu tano. Namba sita zikawa kumi na mbili. Na safu yake alikuwa ameipa vyumba 12, zikaenea zote bila kelele; angetenga 6 ingegoma palepale. Programu ikachukua sita za mwanzo, zinazoishia na 1, wakati jioni ya mwisho upepo ulikuwa 8.2.

Alibadilisha mikato kuwa nukta. Angeweza pia kuandika decimal='comma' kwenye open, ila hapo namba hutenganishwa kwa nukta mkato. Na siku hizi kabla ya kusoma anajaza safu nzima -1, kwa sababu chumba kisichopewa namba hubaki na kilichokuwamo, hata kama ni takataka.

Wavu anaulipa kidogo kidogo. Status haweki tena. Baba mdogo ndiye anayempigia jioni, kwanza anamsimulia mawingu ya upande wa Kongo yalivyokaa, halafu ndiyo anauliza, "Haya, na mashine inasemaje?"